Usukani wa Bi Mkubwa

Jumamosi, 5 Aprili

Wengine huanza shajara wakiwa na majonzi. Mimi naanza kwa sababu nimeolewa, na furaha imenijaa mpaka naogopa nikiinama itamwagika. Nimeolewa! Neno moja tu, lakini moyoni nimelijaza ukurasa mzima.

Mume wangu anaitwa Jumaane. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Beltsville hapa hapa Maryland, fundi wa viyoyozi. Kiswahili alijifunza chuoni kwa kukipenda tu, kisha akaja Dar es Salaam kukitumia, ndipo akanikuta. Anaongea kama kitabu. Asubuhi kaniuliza, "Je, mke wangu, ungependa nikutengenezee chai?" Jamani, nani anasema "je" kitandani? Niliyeyuka kama samli.

Tunakaa Wheaton, chumba cha chini kwenye nyumba ya watu, na dirisha letu linatazama viatu vya wapita njia. Kwangu ni ikulu.

Kitu kimoja tu nilikikuta humu kimenitangulia: pikipiki ya mwaka 1972, silinda mbili, tangi jekundu. Aliifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu. Nimeipa jina Bi Mkubwa, kwa kuwa mimi ndiye mke mdogo. Ikiwashwa gereji, vikombe vya jikoni vinagongana. Jumaane amelipenda jina hilo, ameliandika kwa chaki ukutani.

Jumapili, 6 Aprili

Leo ni siku ya kuongea na mama.

Mama yangu ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto. Ni fundi cherehani Musoma. Baba alifariki mapema, kwa hiyo lugha yangu ya kwanza ni mikono ya mama, na maneno ya mdomoni nilikwenda kuyajifunzia kwa majirani. Ujumbe wa kuandika hatuupendi. Mama hakusoma sana, inabidi asomewe, na mambo ya ndani hayasomwi na jirani. Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi ya hapa, jioni ya kule, tunapigiana video.

Macho ya mama nayo yameanza kuchoka. Kamera ya mbele ya simu yangu inatoa picha ya giza, haoni vidole vyangu vizuri. Basi nimebuni njia. Naiweka simu kwenye rafu ya jikoni imenipa mgongo, ili anione kwa kamera kubwa ya nyuma, na nyuma ya simu nimeegemeza kioo kidogo cha kujipodolea. Mama namwona kwenye kioo. Amegeuzwa, kwa hiyo kwangu amekuwa mtu wa mkono wa kushoto! Picha yangu mwenyewe iko pembeni, ndogo kama stempu, siioni na wala siitafuti. Nimtafute nani mwingine mama akiwepo?

Jumaane alisimama pembeni akajaribu kusema "shikamoo mama" kwa mikono. Alimwambia mama kwamba yeye ni sufuria. Mama alifunika uso kwa upande wa kanga.

Kisha mama akauliza, "Huko mnaishi kwenye saruji tu? Mashamba yako wapi? Nitakuotaje usiku kama sijui ardhi yako?"

Nilipomtafsiria Jumaane, akasema, "Tutampeleka."

"Wapi?"

"Beltsville. Kwenye mashamba ya utafiti ya serikali. Atapanda Bi Mkubwa pamoja nasi."

Jumamosi, 12 Aprili

Mume wangu ametengeneza kishikio cha simu! Siku nzima gereji, mimi nimekaa juu ya ndoo namtazama mabega. Kwanza alikata kipande cha chuma, akakifunga kwenye usukani wa Bi Mkubwa. Mvua je? Akaikatia simu mfuko wa plastiki mgumu, dirisha mbele kwa ajili ya kamera. Ikichomoka je? Akaifunga kwa kamba ya kiatu, mafundo mawili. Jua je? Akaipa kofia ya kikopo cha mtindi. Waya wa kuchajia aliukataa, anasema umeme wa pikipiki ya zamani hupanda na kushuka kama mlevi, utaiunguza simu.

Mwisho alikaza skrubu kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaitikisa simu. Haikusogea hata unywele.

"Sasa ni kitu kimoja na pikipiki," akasema. "Mama yako yuko salama."

Nikambusu kwenye grisi.

Jumapili, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi! Tumempeleka mama Beltsville.

Jumaane mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, mama kwenye usukani anatazama barabara. Mtu mwingine angelalamika kwamba upepo unavuma hasikii kitu. Mama hakuwa na shida hiyo. Kila tulipopunguza mwendo nilichungulia juu ya bega la Jumaane nikauona uso wake mdogo kwenye kioo cha simu, mdomo wazi kama mtoto.

Tulisimama kando ya uzio. Nikaifungua simu nikamwonyesha.

"Ng'ombe wanene hivyo! Nani anawakamua?"

"Serikali."

"Serikali inakamua ng'ombe?" Akageuka kumwambia mtu chumbani mwake, akarudi. "Na lile limelimwa la nini?"

"Mahindi, nadhani."

"Wamechelewa. Waambie."

Nilimtafsiria Jumaane. Akauendea uzio, akaupigia saluti ule udongo mtupu, akaanza kuutangazia kwa sauti, "Enyi watumishi wa serikali, mama mkwe wangu anasema mmechelewa!" Ng'ombe mmoja akageuka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye majani.

Ee Mungu, usinipokonye mtu huyu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Chavua ya miti imegeuza kila gari kuwa la njano.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Beltsville tena, mama kwenye usukani. Nikiwa nashuka nimegusa bomba la moshi, nimeungua shavu la mguu. Harufu ya nyama yangu mwenyewe! Jumaane alinibeba. Mama sikumwambia, angesema tuuze pikipiki. Nimevaa sketi ndefu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimepiga picha za miti yenye maua hapa mtaani. Zote zimecheza, kama nimepiga chini ya maji. Jumaane kasema nina mikono ya mtu mwenye furaha. Nimezifuta.

Jumapili, 27 Aprili

Mama alikuwa wa ajabu kidogo leo. Aliniuliza kama nakula. Nikasema nakula, nimenenepa. Akauliza kama nalala. Nikacheka, nikamwambia maharusi hawalali. Hakucheka. Akaniambia, "Sogea karibu." Nikasogea. "Rudi nyuma." Nikarudi. Akauliza tena kama nakula.

Tulitoka kumpeleka Beltsville, lakini kabla hatujafika kwenye ng'ombe alikata. Jirani akaandika kwamba umeme umekatika.

Alhamisi, 1 Mei

Shiku wa ghorofani, Mkenya wa Nairobi, alinisuka nywele. Aliona bandeji nilipokunja mguu.

"Hiyo ni nini, msichana?"

"Bomba la pikipiki."

"Ile mashine ya bwanako? Manze, ile kitu ikiwashwa chini hapo, meno yangu hupiga kelele kwa glasi. Na sijafika umri wa meno ya bandia ya kuwekwa kwa glasi."

Tulicheka. Huyu Shiku ananipa raha.

Jumapili, 4 Mei

Leo mama kaniuliza, "Yuko hapo?"

"Nani?"

Mama hakulitaja jina la mume wangu. Alinyoosha kidole tu kuelekea mlangoni, kama anayemwonyesha mbwa wa jirani.

"Yuko gereji," nikasema.

"Funga mlango."

Niliufunga. Alinitazama mikono, si uso. Alitazama muda mrefu, kama anavyotazama mshono uliokosewa akitafuta pa kuanza kufumua. Kisha akasema, "Ukitaka kurudi nyumbani, hutaulizwa na mtu sababu."

Nilishangaa mpaka mikono ikakosa la kusema. Nikamwambia nina furaha. Nikamwambia mara tatu, kwa mikono mikubwa, kama mtu anayepiga kelele. Kila nilivyozidi kusema, uso wake ulizidi kujikunja.

Nilimwambia Jumaane kwamba mama amechoka tu. Kwa nini nimemdanganya? Mwezi mmoja wa ndoa na tayari naficha.

Jumanne, 6 Mei

Mvua na radi. Sikutoka.

Jumapili, 11 Mei

Hapa leo ni sikukuu ya akina mama. Jumaane alikuwa amejifunza alama siku nne kwa siri. Alisimama mbele ya simu na shati lililopigwa pasi, akaanza: "Mama. Asante. Binti. Mzuri."

Mama alimtazama tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Kisha akashusha mikono yake, akaikunja mapajani, akageuza uso ukutani.

Mtu asiyejua atasema, kageuza uso, basi. Lakini kwa kiziwi hiyo ndiyo kumwambia mtu: sitakusikia tena. Nimemwona mama akifanya hivyo mara moja tu maishani, kwa mtu aliyeiba cherehani yake.

"Je, nimekosea alama?" Jumaane akaniuliza. Mikono yake ilikuwa bado hewani.

"Hujakosea."

"Basi kwa nini?"

Nilimgongea mama kioo, nikapunga, nikaruka. Alibaki anatazama ukuta. Kisha picha ikakatika.

Jumaane alivua shati, akalikunja vizuri, akaenda gereji bila neno. Vikombe vikaanza kugongana.

Jumatano, 14 Mei

Hatukuongea sana.

Jumapili, 18 Mei

Naandika nikiwa nimetulia kidogo. Asubuhi nilipiga simu, mama hakupokea. Badala yake mlango ukagongwa. Alikuwa Mjomba Leonard, kaka yake mama, ameendesha kutoka Woodbridge kwenye mvua. Alisimama kwenye mkeka, viatu vinatiririka, akakataa kuvivua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Simama pale kwenye mwanga, mwanangu."

Jumaane akaja akifuta mikono. "Shikamoo, mjomba. Tafadhali ketini. Je, mngependa kunywa chai?"

"Sikuja kunywa chai, bwana." Akanigeukia mimi. "Mama yako amenipigia. Alama zake najua nusu, tulikua pamoja na sikujifunza, hilo ni kosa langu. Lakini hii naijua." Akainua mikono yake minene akaitetemesha, ikitetemeka mpaka viwiko. "Akanionyesha wewe. Halafu akafanya hivi." Akakunja ngumi. "Hii nayo haihitaji mkalimani."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa imetulia kama ya kila siku.

"Anasema unatetemeka," mjomba akaendelea. "Kila wiki unazidi. Anasema unamwambia una furaha huku unatetemeka kama kifaranga kilicholowa. Kwa nini unachechemea?"

"Sichechemei."

"Pandisha sketi kidogo niuone huo mguu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini ni mjomba. Nikapandisha hadi kwenye bandeji.

"Niliungua kwenye bomba la pikipiki," nikasema.

"Ni bomba," mjomba akasema taratibu. "Au ni mlango. Au ni ngazi. Nimeishi nchi hii miaka mingi, mwanangu, na nyumba za watu wetu zina milango mikali sana."

Jumaane alikuwa amekuwa kama ukuta. Kiswahili chake chote cha vitabu kilimkimbia. "Mimi sijampiga. Sijawahi. Sitampiga. Ninaapa."

"Hata anayepiga huapa, bwana."

"Mjomba!" nikapiga kelele.

"Wewe nyamaza, siongei nawe." Kisha sauti ikamshuka. "Sikiliza, Dorothea. Dada yangu hasikii, lakini haoni vibaya kiasi hicho. Kama kuna kitu, njoo nami sasa hivi. Gari liko nje."

Nilikataa. Nilimwambia nampenda mume wangu, nikasema kwa sauti, nikasikia jinsi inavyosikika: hivyo hivyo ndivyo wangesema wanawake wale wa milango mikali. Mjomba alinitazama kwa huruma mbaya kuliko tusi. Akaacha namba yake mezani ingawa ninayo, akaondoka.

Mlango ulipofungwa, Jumaane aliinua kofia yake ya pikipiki kutoka kwenye kiti na kuibamiza sakafuni. Ilidunda mpaka jikoni. Akanitazama, nami nikamtazama, na najua alichokiona usoni mwangu, kwa sababu alirudi nyuma hatua nzima. Akatoka kwenda gereji.

Kwa dakika moja nilimwogopa mume wangu. Nimeandika. Sitalifuta.

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi alikuwa anakata mkate, nikajikuta namtazama mikono. Alikuwa anakata mkate tu.

Alhamisi, 22 Mei

Shiku alishuka na chapati. Alikuwa amesikia kishindo cha Jumapili.

"Dorothea, aki niambie ukweli. Huyo jamaa hakugusi?"

"Hanigusi, Shiku."

"Sawa. Sikuulizi tena. Lakini juu kuna kochi, na mlango wangu haufungwi na ufunguo." Akanibana mkono akapanda ngazi.

Alifanya wema, na nililia kwa uchungu. Mwanzoni mwa mwezi alinisuka tukicheka. Sasa ananipikia kama mgonjwa. Mama, mjomba, jirani: watu watatu wananitazama na kuona mtu ambaye mimi simwoni. Inawezekana watu watatu wakakosea na mimi peke yangu, niliyeolewa juzi na kupumbaa kwa mapenzi, nikawa sahihi? Nimejiuliza hivyo nikiosha vyombo, na kikombe kikaniponyoka.

Jumamosi, 24 Mei

Jumaane hajaiwasha Bi Mkubwa wiki nzima. Anakwenda gereji, anakaa, anarudi. Haniambii anaenda, anaondoka tu. Jua limewaka, watu wamejaa barabarani na watoto na mbwa.

Jumapili, 25 Mei

Mama hakupokea tena. Nilikuwa bado nimesimama mbele ya rafu, kioo na simu vikiwa mahali pake, Jumaane akaingia.

"Mke wangu. Ninataka kuona anachokiona."

"Unamaanisha nini?"

"Nitakwenda ndani na simu yangu. Nitakupigia. Wewe zungumza nami kama unavyozungumza na mama yako. Kila kitu vilevile."

Akafunga mlango wa chumbani. Simu ikalia, nikapokea, na uso wake ukatokea kwenye kioo. Nikainua mikono. Sikujua nimwambie nini, nikamwambia kweli: nimechoka, nimekukumbuka, na unakaa chumba cha pili. Alama hizo hazijui nyingi. Lakini niliona uso wake ukibadilika. Alikunja uso, akaisogeza simu karibu na macho, akaweka kiganja mdomoni.

Alitoka. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali.

"Njoo," akasema.

Alikuwa amenirekodi. Jamani. Kwenye simu yake nilimwona mwanamke amesimama jikoni kwetu, amevaa gauni langu, anatetemeka. Mikono ilikuwa inarukaruka kama imeshikwa na baridi ya malaria, vidole vinagawanyika viwili viwili, na kichwa kinatikisika shingoni. Anasema "nimekukumbuka" kama mtu aliyeshikiwa kisu nyuma ya mlango.

"Kama ningekuwa mama yako," Jumaane akasema, "ningekuja kukuchukua mimi mwenyewe. Kwa miguu."

Tulikaa sakafuni mchana kutwa tukichunguza. Tuliielekeza simu yangu kwenye meza, meza ikatetemeka. Tuliielekeza ukutani, ukuta ukacheza. Mama hakuona hilo, macho yake yaliyochoka yalikuwa kwenye mikono yangu tu. Niliisogeza sikioni nikasikia kwa ndani mlio mdogo, tik tik tik, kama mdudu kwenye kiberiti. Jumaane akasoma, akanieleza. Kumbe kioo cha kamera kubwa hakijagandishwa. Kinaelea ndani kwenye visumaku vidogo, ili mkono wa mpiga picha ukicheza kidogo, chenyewe kitulie. Injini kubwa ya zamani inapokita, mkito wake ukipita kwenye chuma moja kwa moja hadi kwenye simu, kile kioo hupigwa na kupigwa mpaka kikasahau kutulia.

"Niliikinga na mvua," akasema. "Na jua. Na kuanguka. Kisha nikaikaza kwa spana." Akacheka kicheko kibaya. "Ingekuwa imelegea kidogo ingepona. Ingekaa kifuani mwako, ndani ya koti, mwili wako ungeumeza mtikisiko wote. Niliiua kwa kuikaza."

Nilimshika uso. Nilitamani kusema yamekwisha. Lakini wote wawili tulikuwa tunaisikia ile kofia ikidunda mpaka jikoni, na ile haikuwa kamera.

Jumatatu, 26 Mei

Nimempigia Mjomba Leonard, nimemweleza. Akasema, "Kamera?" Kama nimemwambia jini. Nikamtumia rekodi na picha za meza inayocheza. Baada ya muda akarudi hewani: "Nitamwomba apokee. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi. Na mumeo mwambie, viatu vyangu ningevivua." Najua kwa mjomba hiyo ni samahani kubwa, na najua alivyoendesha mwendo wote ule kwenye mvua kwa ajili ya dada ambaye lugha yake anaijua nusu. Nilikuwa nimemkasirikia. Sasa namshukuru, kwani kama ingekuwa kweli, angekuwa ndiye aliyekuja.

Jumapili, 1 Juni

Mama amepokea.

Tulitumia simu ya Jumaane. Mama alitokea amevaa kanga begani, macho madogo, mikono mapajani. Nilisema polepole. Nilimweleza pikipiki, chuma, spana, kile kioo kinachoelea. Alinitazama mikono. Ilikuwa imetulia, na mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliiona hivyo. Akaitoa yake mapajani.

"Leo hutetemeki," akasema. "Amesafiri?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani akiona mikono iliyotulia ataamini, kumbe mikono iliyotulia ilimwambia tu kwamba anayeniogopesha hayupo.

"Hajasafiri. Yuko hapa."

"Basi kakwambia useme hivyo."

Ndipo Jumaane, ambaye alikuwa anafuata nusu, akachukua kikombe chetu cha chai kutoka kwenye rafu, akakiweka mezani. Akainua ile simu mbovu, akampigia mama kwa hiyo, akaielekeza kwenye kikombe. Kikombe peke yake, juu ya meza, mchana kweupe. Alisubiri.

Mama alikitazama kikombe kikitetemeka. Alikitazama muda ambao mtu angeweza kutunga uzi kwenye sindano na kushona kifungo. Kikombe hakiogopi mtu. Kikombe hakipigwi. Aliondoa macho, akayapangusa na ncha ya kanga, akayarudisha. Kisha akaomba simu nzuri.

Nikajua amekwisha amini. Nilianza kumwambia mama yangu nakupenda, akanikatisha.

"Toka nje. Nataka kuongea naye yeye."

"Mama, hajui alama za kutosha."

"Nimekwambia toka. Huwezi kuwa mdomo wake na uwe pia mtoto wangu."

Nilikaa kwenye ngazi za nje. Baadaye Jumaane alifungua mlango. Alikuwa amelowa jasho kwapani kama aliyepandisha kiyoyozi ghorofa ya kumi.

"Amemaliza?"

"Anasubiri. Ameniuliza jambo moja tu, amelirudia mara nne. Sikuelewa. Nikasema ndiyo."

"Ulisema ndiyo bila kuelewa?"

"Je, ningesema nini? Alinitazama kwa ukali."

"Nionyeshe."

Akakaa kando yangu, akaiga mikono ya mama, kwa kukosea hapa na pale, lakini niliielewa kabla hajamaliza. Nikamwomba arudie ili nipate muda.

"Amekuuliza," nikasema, "ukikasirika, mikono yako unaipeleka wapi?"

Mama hajui habari ya kofia. Hakuna aliyemwambia. Na swali hilo mimi mwenyewe nimelala nalo wiki mbili kitanda kimoja na mtu huyu, nikashindwa kulifungulia mdomo.

Jumaane alitazama viatu vya watu vikipita. "Na mimi nikamjibu ndiyo," akasema.

"Jibu la kweli ni lipi?"

Hakujibu haraka, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa chai zote. "Ninaipeleka gereji," akasema mwishoni. "Inapoanza kuwa mizito ninatoka, ninashika spana, mpaka inakuwa yangu tena. Siku ile nilichelewa kutoka. Niliona uso wako. Tangu siku ile ninaogopa kukaa nawe chumba kimoja."

"Nami nilidhani umenichoka," nikasema. "Unaondoka bila neno. Mtu akiondoka bila neno, anayebaki hujaza maneno mwenyewe."

"Basi nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kusema hivyo. Kwake, na kwako."

Pale pale kwenye ngazi nikamfundisha. Nimekasirika. Naondoka. Narudi. Akaomba na neno lingine, nibaki, nikamfundisha na hilo: kiganja kikishuka taratibu na kutua. Alirudia mara nyingi, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Bado alikuwa anaitua mikono kwa nguvu mno. Nikamwonyesha tena.

Akaingia, akafunga mlango.

Nilitega sikio, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na kitu cha kusikia. Watu wawili niwapendao kuliko wote walikuwa wanaongea juu ya maisha yangu, nyuma ya ubao mwembamba, na nyumba ilikuwa kimya kabisa. Kiti kilisogezwa. Nilihesabu viatu vilivyopita, nikaacha kuhesabu.

Mama hana maneno ya kusikika, lakini kicheko anacho, kinene, cha kukwaruza, kinachomtoka bila yeye kujua kina sauti gani. Kilipita kwenye simu, kikapita kwenye mlango, kikanifikia kwenye ngazi. Sijui mume wangu alikosea alama gani. Sikubisha hodi.